Kabati la betri ni la nani? Funzo la mashine za kukodisha kwa Kenya, Rwanda na majirani zao

Katika nchi jirani ya Kenya, dereva wa bodaboda mwenye pikipiki ya umeme halazimiki tena kukaa saa kadhaa akisubiri betri ijae. Husimama kando ya kabati la chuma lenye milango midogo mingi, mfano wa masanduku ya posta, akajitambulisha kwa simu yake. Mlango mmoja hufunguka, naye huingiza betri iliyokwisha. Mlango mwingine hufunguka na kumpa iliyojaa. Hakuna karani wala foleni ya kaunta, na baada ya dakika chache dereva yumo barabarani. Betri aliyoondoka nayo si mali yake, ameikodi.

Huduma za namna hii zinaenea katika ukanda wa Afrika Mashariki. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand imekuwa ikiwabadilishia madereva betri tangu mwaka 2019, na mwaka 2021 mji huo ulianza pia kuwa na baiskeli za kukodi zinazochukuliwa na kurejeshwa vituoni. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi mjini Kigali isipokuwa iwe ya umeme. Nchini Kenya, Rais William Ruto alizindua mpango wa taifa wa usafiri wa umeme mjini Mombasa mnamo Septemba 2023. Hapa Uganda, kampuni ya Zembo ilianza kazi hiyo mjini Kampala mwaka 2018, na nyingine zimefuata. Katika baadhi ya vituo mhudumu ndiye anayebadilisha betri. Katika vingine kazi yote hufanywa na kabati lenyewe.

Nyuma ya urahisi huo kuna swali ambalo halijadiliwi sana: ni nani aliyechora kabati hilo, ni nani aliyeliunda, na ni nani atakayelitengeneza siku mkataba kati ya mwenye huduma na mwenye kiwanda utakapovunjika? Kwa dereva aliyenunua pikipiki kwa mkopo, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua iwapo ataendelea kupata riziki au atabaki na chuma kisichotembea huku deni likiendelea kuhesabiwa.

Ndani ya kabati moja, mafundi wa fani tano

Kwa nje, kabati la betri ni bati na rangi. Kwa ndani, limekusanya kazi za fani tano tofauti. Ya kwanza ni ya fundi chuma, ambaye huhakikisha kuwa mvua na vumbi havipenyi, kwamba milango haivunjiki kwa nondo, na kwamba hewa inapita ili betri zisipate joto kupita kiasi zinapochajiwa. Ya pili ni ya fundi umeme: chaja, nyaya, swichi za usalama na kinga ya moto. Ya tatu ni ya mtengenezaji wa betri, anayepanga seli za lithiamu pamoja na kadi ya kielektroniki inayopima joto na chaji. Ya nne ni ya mtaalamu wa mawasiliano, anayeiunganisha kompyuta ndogo ya kabati na mtandao wa simu. Ya tano ni ya mwandishi wa programu, kwa kuwa ni programu inayojua nani amekodi betri ipi, amelipa kiasi gani, na mlango upi ufunguliwe.

Ni nadra kampuni moja kuzimudu fani zote hizo. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, China pekee hutengeneza zaidi ya robo tatu ya betri za lithiamu duniani. Aidha, kipande cha plastiki au cha alumini huhitaji kalibu maalumu, na gharama ya kalibu hulipwa kabla kipande cha kwanza hakijatoka. Gharama hiyo huwa ndogo inapogawanywa kwa maelfu ya mashine, lakini huwa mzigo mzito kwa kampuni inayohitaji mashine mia mbili tu. Ndiyo sababu kampuni nyingi duniani huwakabidhi wakandarasi wa nje kazi ya kubuni na kuunda mashine zao. Kufanya hivyo si kosa. Kosa hutokea pale mwenye huduma anapokabidhi kazi na, bila kukusudia, akakabidhi pia uwezo wake wa kuendelea kuishi bila mkandarasi huyo.

Njia tatu za kukabidhi kazi

Katika biashara ya mashine za kukodisha, kazi hukabidhiwa kwa njia kuu tatu. Katika njia ya kwanza, mwenye huduma huchora mashine yeye mwenyewe, kisha hukipa kiwanda michoro na kukilipa kwa kuunda tu. Njia hii hudai wahandisi na muda mrefu, lakini mwenye huduma akigombana na kiwanda, huchukua michoro yake na kuipeleka kwingine.

Katika njia ya pili, kiwanda tayari kina mashine kiliyoibuni chenyewe. Mnunuzi huchagua rangi, hubandika nembo yake na kuagiza idadi anayoitaka. Ni njia ya haraka na ya bei nafuu, na ndiyo inayowavutia wanaoanza. Hata hivyo, michoro, kalibu na mara nyingi programu hubaki kuwa mali ya kiwanda. Kiwanda kikiacha kuunda aina hiyo ya mashine, mnunuzi hukosa pa kupata kufuli au kadi ya kuchukua nafasi ya iliyoharibika.

Katika njia ya tatu, mwenye huduma hanunui mashine bali hununua huduma nzima. Mkandarasi huleta mashine, huziendesha, huzitengeneza na hukusanya malipo, kwa mkataba wa miaka kadhaa. Serikali za miji hupenda njia hii kwa kuwa haiwalazimu kuajiri mafundi. Bei yake huonekana siku mkataba unapokwisha, kwa maana mkandarasi anapoondoka, huondoka na kila kitu.

Miji iliyopitia njia hizi kabla ya Afrika Mashariki haikukodisha betri bali baiskeli. Mashine zenyewe, hata hivyo, ni za jamii moja: nguzo ya malipo, kufuli, mtandao wa simu na programu inayohesabu nani amechukua nini. Yaliyoipata miji hiyo yameandikwa na yanafahamika.

Montreal na New York: mwili kwa huyu, roho kwa yule

Mnamo Mei 2009, mji wa Montreal nchini Kanada ulizindua huduma ya baiskeli za kukodi iitwayo BIXI, jina lililoundwa kwa kuunganisha baiskeli na teksi. Kampuni ya umma iliyoanzishwa kwa kazi hiyo iligawa shughuli kwa wataalamu mbalimbali. Baiskeli ilibuniwa na mbunifu Michel Dallaire na kuundwa na kiwanda cha Devinci katika jimbo hilohilo la Quebec. Programu ya vituo iliandikwa na kampuni nyingine ya Montreal, 8D Technologies. Vituo vilitumia umeme wa jua na viliwekwa juu ya lami bila kuchimba barabara, hivyo vingeweza kuhamishwa kwa gari.

Mfumo huo ulisifiwa, na miji mikubwa ikaununua. Washington na London zilianza kuutumia mwaka 2010, kisha New York na Chicago zikaingia mkataba. Lakini kuuza nje kulihitaji mtaji mkubwa, na mwaka 2011 Jiji la Montreal lililazimika kuikopesha kampuni hiyo dola za Kanada milioni 37 na kuidhamini kwa mamilioni mengine.

Mwaka 2012, kampuni ya BIXI ilitengana na 8D na mzozo wao ukafika mahakamani. Chuma, kufuli na baiskeli vilibaki, ila programu iliyokuwa imefanya kazi kwa miaka mitatu haikuwa mali ya BIXI. Kampuni iliamua kujiandikia programu mpya, wakati huohuo New York ikisubiri vituo vyake. Huduma ya New York, iliyotarajiwa majira ya joto ya mwaka 2012, ilianza tarehe 27 Mei 2013. Hata ilipoanza, baadhi ya vituo vilikataa kadi za malipo, vingine vilishindwa kutambua baiskeli iliyorejeshwa, na vingine vilizimika kabisa.

Wateja wa mfumo huo nchini Marekani walizuia malipo ya mamilioni ya dola kwa sababu ya kasoro za programu na ucheleweshaji. Kampuni iliyokuwa ikiitegemea fedha hiyo kulipa madeni yake haikustahimili. Mnamo Januari 2014 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, huku sehemu kubwa ya mkopo wa Jiji ikiwa haijarudi. Miezi michache baadaye, kitengo cha kuuza mfumo nje kilinunuliwa na mfanyabiashara binafsi, na huduma ya ndani ya Montreal ikaokolewa kwa kukabidhiwa shirika lisilo la faida. New York nayo, mwaka 2015, iling'oa programu ile mpya vituoni na kuweka ya 8D, yaani ya kampuni ileile iliyoachwa miaka mitatu kabla.

Katika mkasa huu, hakuna aliyeiba na hakuna kiwanda kilichounda baiskeli mbovu. Mashine ilikuwa imara, mbunifu wake alisifika, na watu waliipenda. Kilichokosekana ni haki juu ya sehemu isiyoonekana kwa macho. Aliyekuwa na mwili wa mashine hakuwa na roho yake.

Paris: mkandarasi alipoondoka

Mji wa Paris uliipitia njia ya tatu. Huduma ya Vélib' ilianza Julai 2007, ikiendeshwa na kampuni ya matangazo ya JCDecaux, ambayo iligharimia vituo na baiskeli na kupewa nafasi za kubandika matangazo mjini. Kwa miaka kumi mpango huo uliendelea, na Paris ikawa mfano kwa miji mingine.

Mkataba ulipokaribia kwisha, zabuni mpya ilishindwa na kundi la kampuni liitwalo Smovengo. Vituo vya zamani havikuweza kupokea baiskeli mpya, kwa kuwa kufuli na programu zilikuwa za mfumo mwingine. Kwa hiyo nguzo zilizokuwapo zilipaswa kung'olewa, mashimo kufukiwa, na nguzo mpya kusimikwa, katika mamia ya maeneo kwa wakati mmoja. Vituo 600 vilikuwa vimeahidiwa kufikia Januari mosi 2018. Siku hiyo ilipofika, vilivyofunguliwa havikufika mia moja. Vingi vya vile vilivyofuata vilikuwa havijaunganishwa na umeme wa gridi, vikawa vinategemea betri zilizokwisha haraka, na kituo kilichozimika hakikuweza kumwachia mtu baiskeli. Kwa miezi mingi, wakazi waliokuwa wamelipia huduma walitembea kutoka kituo hadi kituo bila mafanikio.

Mashine zisizo na mwenyewe

Mfano wa tatu unahusu magari ya umeme. Kampuni ya Better Place, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilijenga vituo vya kubadilisha betri za magari nchini Israel na Denmark. Mteja alinunua gari na kuikodi betri kutoka kwa kampuni, kama wanavyofanya madereva wengi wa pikipiki za umeme leo. Vituo hivyo viliwekewa gari la aina moja tu, Renault Fluence. Kampuni ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola kutoka kwa wawekezaji, lakini wanunuzi walikuwa wachache mno, na mnamo Mei 2013 iliomba kufilisiwa. Wamiliki wa magari walibaki na magari ambayo yangeweza kuchajiwa kwa waya, lakini yasiyo na pa kubadilishiwa betri.

Mfano wa nne ni wa karibuni zaidi. Nchini Marekani, mashine nyekundu za Redbox zilikodisha filamu mbele ya maduka kwa takriban miongo miwili, na wakati wa kilele chake zilizidi 40,000. Kampuni mama ilipofilisika katikati ya mwaka 2024, mashine zipatazo 24,000 ziliachwa zilipokuwa zimesimama. Wenye maduka walijikuta wakilipia umeme wa mashine zisizo na mwenyewe, na baadhi yao walilazimika kuomba idhini ya mahakama ili waziondoe. Jambo jingine liliwashtua wengi zaidi: mtaalamu mmoja wa kompyuta aliyechunguza diski ya mashine mojawapo aliripoti kukuta humo kumbukumbu za wateja za miaka ya nyuma, zikiwamo anwani za barua pepe na orodha ya filamu walizokodi. Mashine ilikuwa imekufa kibiashara, lakini siri za watu zilikuwa bado ndani yake.

Dereva anasimama wapi

Mifano hii ina uzito wa pekee kwa Kenya, Rwanda na Uganda. Mkazi wa Paris aliyekosa baiskeli alipanda treni. Dereva wa bodaboda hana treni. Kwa kawaida hununua pikipiki kwa mkopo unaolipwa kila siku au kila wiki, na betri hubaki kuwa mali ya kampuni. Mpango huo humsaidia mwanzoni, kwa kuwa betri ni miongoni mwa sehemu ghali zaidi za pikipiki ya umeme na bei ya kununulia hupungua asipoilipia. Lakini humfunga pia, kwa sababu betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika kabati la kampuni nyingine: umbo hutofautiana, soketi hutofautiana, na hata pale umbo linapofanana, programu ya kabati hukataa kuitambua betri ya mgeni.

Dereva anayetoka Busia ya Uganda kwenda Busia ya Kenya hupata petroli ileile pande zote mbili za mpaka. Kwa betri hana uhakika huo. Akiwa mbali na vituo vya kampuni yake, kilomita zilizobaki katika betri ndizo mpaka wake halisi.

Si lazima iwe hivyo. Nchini Japani, kampuni nne zinazoshindana vikali, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, zilikubaliana mwaka 2021 kuhusu vipimo vya pamoja vya betri za kubadilisha, na mwaka uliofuata zikaanzisha pamoja na kampuni ya mafuta ya ENEOS shirika la kukodisha betri hizo. Kila moja inaendelea kubuni pikipiki yake. Kinachofanana ni betri na namna inavyozungumza na kabati.

Yanayopaswa kuandikwa kabla ya kutia saini

Kutokana na mifano hiyo, mkataba mzuri wa kukabidhi kazi ya kubuni na kuunda mashine za kukodisha hutambulika kwa mambo machache.

Kwanza ni michoro na kalibu. Ikiwa mnunuzi ndiye aliyezilipia, mkataba utamke wazi kuwa ni mali yake, na orodha yake iambatanishwe. Kalibu isiyoandikwa popote huwa ya yule aliyeihifadhi ghalani.

Pili ni programu. Pale mkandarasi anapokataa kuuza msimbo wa programu yake, nakala yaweza kuwekwa kwa mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote, ili itolewe kwa mnunuzi endapo mkandarasi atafilisika au kuacha kazi. Nakala hiyo ijaribiwe na fundi mwingine mapema, kwa kuwa msimbo usioweza kuendeshwa na mtu mwingine haumfai mnunuzi siku ya dhiki.

Tatu ni vipuri na ufundi. Kufuli, soketi na skrini huchakaa kabla ya chuma. Mkataba utaje miaka ambayo vipuri vitapatikana, na uhakikishe kuwa mafundi wa hapahapa wanafundishwa kutengeneza, badala ya kadi iliyoungua kusafirishwa hadi kiwandani ng'ambo. Nchini Kenya, kampuni ya Roam ilifungua mwaka 2023 jijini Nairobi kiwanda cha kuunganisha pikipiki za umeme, na hatua za aina hiyo hukuza mafundi ambao ukanda huu unawahitaji.

Nne ni taarifa za wateja. Ifahamike zinahifadhiwa wapi, ni nani anayezisoma, na zitafutwaje mashine inapostaafu.

Tano, na ndilo linalosahaulika zaidi, ni siku ya kuachana. Mkataba useme mkandarasi wa zamani na mpya watafanya kazi sambamba kwa muda gani, na fedha za kuondoa mashine ziwekwe kando tangu mwanzo, ili gharama hiyo isimwangukie mwenye duka au halmashauri.

Masharti haya huongeza bei ya mwanzo, na kampuni changa zinazotafuta mtaji huyaona kuwa mzigo. Lakini makabati yakiwa machache, kubadili soketi au kudai michoro bado ni mazungumzo ya mezani. Yakishakuwa maelfu, kila badiliko litakuwa kama lile la Paris, la kung'oa na kusimika upya. Serikali zinazotoa misamaha ya kodi na viwanja vya vituo zina nafasi ya kuyadai masharti haya sasa kwa niaba ya wananchi wao.

Dereva mmoja mmoja hana uwezo wa kusoma mkataba wa kampuni na kiwanda cha ng'ambo. Chama chake cha bodaboda, au chama cha kuweka na kukopa kinachomdhamini, kinaweza kuuliza kwa niaba yake kabla ya mkopo kutiwa saini: kampuni hii ikifungwa, pikipiki hii itapata wapi betri, na deni lililobaki litakuwa la nani? Kampuni iliyojipanga itakuwa na jibu la maandishi. Isiyo na jibu, ni afadhali ijulikane leo kuliko siku ambayo mlango wa kabati hautafunguka.